Mgeni wa Mama na Ringi ya Dayodi Nne

Kutoka Mtwapa hadi Mambrui, katika miaka ile ya themanini, hapakuwa na mtu mwingine mwenye mtambo kama wangu. Sijivuni, nasema yaliyokuwapo. Watamu kulikuwa na vinanda vya umeme hotelini, vile vya kubonyeza kidude kimoja ngoma ikaanza kujipiga yenyewe, na vijana wa bendi wenye mashati ya maua wakijiona mafundi. Wangu haukuwa kinanda. Ulikuwa sinthesaiza ya vipande: kabati la mbao lenye vidirisha vya bati, kila kidirisha na kazi yake. Kimoja hutoa mlio, kingine huuchuja, kingine huupandisha na kuushusha, na vyote ni bubu mpaka mwenye elimu aje aviunge kwa nyaya fupi, kutoka tundu hili hadi tundu lile. Ukiunga vibaya unapata kimya. Ukiunga vizuri unapata sauti ambayo haijapata kutoka katika koo la kiumbe yeyote.

Niliusafirisha mwenyewe kutoka Ujerumani, katika makasha mawili niliyoyapigilia misumari kwa mkono wangu. Na Ujerumani nilifika kwa mkono wangu vilevile. Nilianza kwa kutengeneza redio katika kibanda nyuma ya soko la Malindi, nikapata kazi ya kutia mafuta mashine melini, nikashuka katika bandari moja ya baridi bila mjomba wala mwenyeji. Mchana nilibeba mizigo, jioni nilisoma. Nikatoka na stashahada ya elektroniki, kisha nikaajiriwa katika karakana iliyotengeneza mitambo hiyohiyo. Mafundi wawili wa hapo, wenyeji, wenye mvi, walikuwa wakiniletea kazi zao nizisikilize kabla hazijafungwa, maana sikio langu lilikuwa kali kuliko vipimo vyao. Wangali hai. Waulizwe.

Stashahada niliitia fremu nikaitundika ukumbini, mkabala na mlango, mgeni akiingia aione kabla ya kitu kingine. Wageni hawakuwa wengi. Baba alifariki nikiwa ng'ambo. Dada zangu walikuwa wameolewa, mmoja Lamu, mmoja Mombasa. Katika nyumba ile ya mawe tulibaki wawili, mimi na mama. Mama hakujua kusoma Kijerumani wala kitu chochote nje ya msahafu, lakini kila asubuhi aliipangusa ile fremu kwa ncha ya leso, polepole, kama anayepangusa uso wa mtoto aliyekula uji. Hakuniuliza kamwe imeandikwa nini. Nami singeweza kumwambia, kwa sababu mama alikuwa hasikii.

Hakuwa kiziwi wa kukosa kila kitu. Lori likipita njia ya soko alilisikia. Mlango ukibamizwa alishtuka. Ngoma ya harusi ikilia mtaa wa pili, aliijua ni ngoma gani na akaitikisia kichwa. Yaliyompotea ni maneno. Sauti zote nyembamba zilikuwa zimemkimbia, na neno likimfikia lilikuwa limebaki mgongo tu, kama samaki aliyeliwa.

Na masikio hayakuwa tatizo peke yake. Adabu yetu nayo ilikuwa tatizo. Kwetu, kadiri unavyomheshimu mzee ndivyo unavyoteremsha sauti mbele yake. Mtu akimpandishia mama yake sauti, ukuta wa mawe haumfichi. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima unajua kwamba fulani amerudi Ulaya na sasa anamfokea mamake. Kwa hiyo mama alipoanza kushindwa kusikia, watu walimwona amezeeka, wakazidi kumheshimu, na walipozidi kumheshimu walizidi kunong'ona. Heshima yote ya Malindi ilikuwa ikimfikia kama kimya.

Jirani yetu, mwanamke wa rika langu aliyekaanga mahamri mlangoni pake kila asubuhi, alikuwa akiingia kumwamkia. Aliinama, akasema kwa sauti ya hariri:

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba," mama alijibu, maana hilo la kwanza alilibahatisha kwa mwinamo. Kisha akaongeza, "Sijui. Labda sokoni."

Jirani akanitazama. Mimi nikatazama boriti za dari.

"Nauliza umeamkaje, mama."

"Bado mabichi," mama akasema, akatabasamu.

Alipotoka nje jirani aliziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika, na mimi pia nilitaka kucheka. Lile tabasamu la mama lilinizuia. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejua kwamba amekosea na anawaomba wenziwe wasimwambie.

Mimi mwenyewe sikuwa na wa kuzungumza naye. Barazani wanaume walinikaribisha, wakaniuliza kama naweza kufungua redio kaseti iliyokula utepe. Naweza, lakini ni kama kumwita daktari wa moyo aje akukate kucha. Nikijaribu kuwaeleza habari za mawimbi walitikisa vichwa kwa upole, kisha wakarudia mpira. Nikirudi nyumbani mama alinipakulia, nikachukua sahani yangu nikala kando ya mtambo, maana kukaa mbele ya mtu usiyeweza kusemezana naye ni kazi ngumu kuliko kula peke yako.

Nilikuwa nimemletea kifaa cha kuchomeka sikioni, kizuri, cha bei ambayo siisemi. Alikivaa mara moja. Nikamwambia kwa upole wangu wote, "Mama, unanisikia?"

Alikivua, akakiweka kiganjani, akaniangalia machoni.

"Nimekukosea nini?" akauliza. "Mbona wanigombeza?"

Kifaa kile kazi yake ilikuwa kukuza sauti, na sauti iliyokuzwa, kwa mama, ilikuwa mwana anayepiga kelele. Akakifungia ndani ya kijaluba pamoja na pete zake, na hatukukiona tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sauti yangu haikupaswa kukuzwa. Ilipaswa kuhamishwa, itoke kule juu alikokuwa hafiki, iteremke pale alipokuwa angali anasikia. Na katika pwani yote hii, wa kuhamisha sauti alikuwa mmoja.

Katika mtambo wangu kilikuwamo kidirisha ambacho mafundi hukiita ringi moduleta. Mimi nilizoea kukiita ringi. Ndani yake mna dayodi nne, vijidude vya kupitisha umeme upande mmoja tu, zilizoshikana kichwa kwa mkia, kama watoto waliofanya duara, na transfoma mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea. Unaipa sauti mbili, nayo huzizidisha. Ukiipa mlio wa mitetemo elfu mbili kwa sekunde na mlio wa elfu mbili na mia tano, haikurudishii huu wala ule. Inakurudishia jumla yao, elfu nne na mia tano, na tofauti yao, mia tano. Wazazi wote wawili hawaonekani tena. Wanatoka watoto wawili wasiofanana nao. Wanamuziki waliitumia kutengeneza milio ya kengele na sauti za kutisha. Mimi niliona kwamba ile tofauti, yule mtoto mnene wa chini, ndiye ambaye masikio ya mama yangempokea.

Ringi iliyokuja na mtambo haikutosha. Nilijenga nyingine. Siri ya ringi iko katika usawa: dayodi zote nne ziwe ndugu wa tumbo moja, la sivyo sauti ya asili inavuja, inapenya ikiwa haijazidishwa, na kazi inakuwa chafu. Nilichagua dayodi zangu moja moja, nikizipima kwa mita, nikizipasha moto kwa kiganja na kuzipima tena. Chumvi ya Malindi haina huruma na shaba. Kila nilipoamka, vichwa vya nyaya vilikuwa vimeanza kuota ukijani, na ilinibidi nivisugue kwa spiriti kabla ya kuunga chochote. Stima nayo ilikuwa ikipanda na kushuka, mlio ukipanda na kushuka pamoja nayo, nikatengeneza na chombo cha kuituliza. Yote hayo peke yangu. Mjerumani angepewa wasaidizi watatu.

Milio ya majaribio ilipita dirishani. Jirani alisimama na mwiko wake mkononi.

"Mzungu wetu, leo umemkaba paka gani?"

"Si paka. Ni mawimbi mawili yanazidishwa."

"Basi yazidishe taratibu. Unga wangu umekataa kuumuka."

"Unga wako haukuumuka hata kabla sijarudi."

"Haya," akasema. "Elimu hiyo. Umekwenda Ulaya kusomea kelele na matusi."

Kabla ya kuunga kitu ilibidi nijue mama anasikia kutoka wapi hadi wapi. Nilimkalisha kwenye kiti cha kamba, nikamvisha hedfoni. Hizo alizikubali kwa sababu zilikuwa na sponji laini na hazikuingia sikioni. Kwa ishara nilimweleza: ukisikia, inua kidole. Nikaanza na mlio wa chini kabisa, nikaupandisha kidogo kidogo. Mama alikaa wima, amefumba macho, ameinua kidole cha shahada kama mtu aliye katika tahiyatu. Mlio ulipanda, kidole kikabaki juu. Ulipofika mahali ambapo mtoto wa miaka miwili angelia kwa kukerwa, kidole kiliyumba, kikashuka, kikalala juu ya goti. Mlio ulikuwa bado unalia. Niliusikia mimi, na yeye alikuwa amefumba macho akingoja. Niliweka alama ya chaki kwenye bati. Huo ndio uliokuwa mwisho wa dunia yake, na maneno mengi yalikuwa upande wa pili.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya mikono. Maikrofoni iliingia upande mmoja wa ringi. Upande wa pili niliunga mlio mmoja usiobadilika, wa kuibebea sauti. Matokeo yakapita kwenye kichujio cha kukata watoto wa juu na kuacha wale wa chini, kisha yakaenda kwenye hedfoni. Nilitafuta ule mlio wa kubebea kwa sikio, nikisema neno lilelile na kuzungusha kitufe kwa unywele mmoja, mpaka neno likasimama. Mwisho nikazikaza skrubu za usawa. Nilipovaa hedfoni na kusema, sikusikia hata chembe ya sauti yangu. Ringi safi kuliko hiyo sijaisikia popote, na nimesikia nyingi.

Mama alikuwa akisoma midomo kidogo, na sikutaka abahatishe. Kwa hiyo siku ya kumjaribu nilimwacha ukumbini baada ya sala ya alasiri, amevaa hedfoni, nikaingia chumba cha ndani kwenye mtambo, nikateremsha pazia. Nikashika maikrofoni.

"Shikamoo, mama."

Kisha nikasikia kiti kikilia kamba. Nilichungulia pembeni mwa pazia. Mama alikuwa amevuta leso akajitanda ushungi vizuri, amenyoosha mgongo na kukunja mikono mapajani, anautazama mlango wa mbele.

"Marahaba, baba," akasema. "Karibu. Mwenye nyumba ana shughuli zake, lakini karibu, ukae kitako."

Tangu nirudi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kujibu nilichosema.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwanao."

Alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Kilikuwa kifupi na cha puani.

"Mwanangu sauti yake naijua, nimeizaa mimi. Yako wewe imezaliwa ndani ya sinia ya shaba. Una mafua?"

"Sina, mama."

"Alhamdulillahi. Watoka wapi?"

Ningeweza kulifungua pazia. Lakini mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hasimamishi sahani ya kwanza ili aulize nani kaipika.

"Natoka mbali," nikasema.

"Mbali ya wapi? Barawa?"

"Kupita Barawa."

"Basi utakuwa na njaa. Ngoja mwanangu amalize huko ndani atakupa chakula. Ingawa yeye mwenyewe hula amesimama, kama mtu anayengojea basi."

Mtaniuliza kama aliamini. Mama hakuwa mjinga. Aliniona nikiingia nyuma ya pazia na aliniona nikitoka, na waya wa hedfoni ulipita mbele ya miguu yake. Nilipotoka siku ile nilijipiga kifuani, nikaonyesha mdomo wangu, nikaonyesha hedfoni. Alinipigapiga mkono, akaenda kutawadha. Kesho yake baada ya alasiri alikaa mwenyewe kwenye kiti, akavaa hedfoni, akajitanda ushungi juu yake, akaliambia pazia:

"Mgeni, upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

Ndivyo ilivyokuwa kila alasiri. Na mama niliyedhani nimemjua tangu tumboni mwake, nilimjua hapo. Alimweleza mgeni jinsi alivyoletwa Malindi kuolewa kutoka visiwa vya kaskazini, akawa analia kwa kukosa mtu wa kusema naye lahaja ya kwao. Alimweleza kwamba baba, akisikia meli imefika Mombasa, alikuwa akinyoa ndevu na kukaa barazani na kanzu safi, kisha jioni akiivua bila kusema kitu. Hayo sikuyajua. Hakuna aliyeniambia, na mama asingeniambia.

"Huyu wangu amesoma," alisema siku moja. "Cheti chake kile pale. Nakipangusa mimi kwa sababu yeye akikipangusa atakikwangua. Lakini nikwambie kitu, mgeni, na kikae kwako?"

"Kitakaa kwangu."

"Kila wiki huenda kazini ng'ambo ya Kilifi. Akirudi huniletea ndizi. Alipokuwa mdogo aliniletea ndizi moja imepondeka mfukoni, nikamwambia mwanangu, ndizi tamu hii. Basi. Mpaka leo ndizi. Mimi ndizi sizipendi. Zinanijaza upepo. Nampa jirani, yeye humpa mbuzi wake."

Nilitia kiganja kwenye maikrofoni ili pumzi yangu isisikike.

"Na unapenda nini, mama?"

"Korosho. Pale kivukoni wanauza korosho za kuchomwa, za moto, katika vikaratasi. Anapita hapo hapo, amezipa mgongo, ananunua ndizi."

"Nimwambie?"

"Usimwambie. Atatahayari."

Kisha akauliza, "Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Unamwona?"

"Namwona kila siku."

"Bahati yake," mama akasema.

Mwanamume mwingine angetosheka na hayo. Mimi sikutosheka, na sababu naijua: sijazoea kazi yangu isifiwe kwa jina la mtu mwingine. Mgeni alikuwa msikivu. Mgeni alikuwa na adabu. Nilipotoka nyuma ya pazia mama alinikunjulia uso uleule wa kiziwi, akanionyesha chungu kiliko. Nilikuwa nimevuka bahari na kurudi, nimejenga kwa mikono miwili kitu ambacho hakikuwapo, na aliyefaidi matunda yake hakuwa na jina wala miguu. Nilitaka mama ajue ni nani anayemsemesha. Nilitaka anisikie mimi.

Dawa yake ilikuwa skrubu moja. Ringi ikiharibiwa usawa wake, sauti ya asili inavuja, na sauti yangu ya asili, ule uzito wake wa chini, mama aliweza kuusikia. Huko nilikosoma, ringi inayovuja hurudishwa kwa fundi na fundi huona haya. Nilishika bisibisi, nikakaa na kazi yangu safi mbele yangu, nikaizungusha skrubu robo. Nikasema neno. Chini ya ile shaba, kama mtu anayesema kutoka chumba cha tatu, nilijisikia mimi.

Alasiri hiyo nilisema, "Shikamoo, mama."

Leso ilimteleza kichwani ikaanguka mabegani, asiivute.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Nakusikia, mwanangu."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," naye akasema.

Nililifungua pazia. Nilimwona analia, bila sauti. Nilikuwa nimejiandalia mengi ya kumwambia. Nilimweleza cheti kimeandikwa nini, mstari kwa mstari, jina la chuo, daraja nililopata. Alisikia yote.

"Vizuri, baba," akasema. "Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Tukatazamana. Nikatafuta la kusema, nikaona kwamba yote niliyotaka kumwuliza nilikuwa nimeyajua kwa mtu mwingine. Singeweza kumwuliza mama juu ya kanzu ya baba. Mimi, mwanawe, hakuwa ameniambia habari ya kanzu. Na yeye alijua hawezi kumlalamikia mwanawe mtu mzima usoni pake. Mama wa kwetu halalamiki hivyo, hula tambuu na kunyamaza. Siku iliyofuata aliuliza, "Umekula?" na nikamwuliza kama goti lamuuma, akasema haliumi. Iliyofuata, vivyo hivyo. Kisha alasiri moja nilikuta hedfoni zimetundikwa msumarini, chini ya stashahada yangu, na mama yuko uani anachambua mchele.

Nilimwachia. Nilijiambia kwamba amechoka. Nyumba ikarudi kuwa kimya kama zamani, ila kimya cha zamani sikuwa nimekijua jina lake. Niliketi kando ya mtambo nikatengeneza milio ya kengele, mizuri, ambayo haikuwa na msikilizaji.

Jirani ndiye aliyelitamka, akinihesabia mahamri asubuhi.

"Mgeni wenu amesafiri?"

"Mgeni gani?"

"Usinifanye mtoto. Yule wa mama, wa alasiri. Mimi nikiwa hapa namsikia mama akicheka mpaka najisahau naunguza mahamri. Siku hizi kimya. Juzi nimeinama nimwamkie, kabla sijafungua mdomo akaniambia, 'Mgeni wangu kaondoka, kaniachia mwanangu.'"

"Alisema hivyo?"

"Kwa huzuni kabisa. Nikadhani umemfukuza mtu wa watu. Wewe na kiburi chako."

"Sikumfukuza mtu."

"Basi mwite," akasema, akaongeza hamri moja juu.

Wiki hiyo nilikwenda kazini kwangu ng'ambo ya Kilifi, kuangalia vipaza sauti vya hoteli. Wakati wa kurudi kivuko kilikuwa upande wa pili, tukangoja. Nilinunua ndizi zangu kama kawaida. Kisha nikasimama mbele ya mwanamke wa korosho, nikiangalia vikaratasi vyake vikitoa moshi. Mwana asingeweza kununua korosho. Hakuna aliyemwambia. Lakini mgeni aliambiwa, na mgeni mwenye adabu haingii nyumba ya watu mikono mitupu.

Kazi ya kusawazisha ringi niliianza mchana, mara tu baada ya kula. Ni kazi ya masikio: unavaa hedfoni, unasema, unazungusha skrubu kwa unywele, unasema tena. Sauti yangu ilikuwa pale chini ya shaba, ile ambayo mama aliilia. Nikaizungusha ikapungua. Nikaizungusha ikabaki kama mtu anayekwenda zake njiani. Skrubu ilikaribia mahali pake na mimi nikawa najisikiliza nikiondoka, mpaka nikasema jina langu mwenyewe na lisiwepo mtu. Safi. Hata chembe haikuvuja. Sijui fundi mwingine ambaye angeipata hivyo kwa sikio tupu, katika unyevu ule.

Wakati wa alasiri ndizi niliziweka mezani. Mama aliziona, akasema, "Ahsante, baba. Ndizi nzuri." Kikaratasi cha korosho nilikiweka juu ya kigoda kando ya kiti cha kamba, nikaziteremsha hedfoni kutoka msumarini, nikaziweka juu yake. Nikaingia ndani, nikashusha pazia.

Nilingoja. Nilimsikia akimaliza sala, akikunja mswala. Nyayo zake zilikuja, zikasimama. Karatasi ikalia. Kisha kamba za kiti.

"Mgeni," akasema, "upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umepotea."

"Nilisafiri kidogo."

"Huagi?"

"Nisamehe. Nimekuletea zawadi."

"Nimeiona." Alikuwa tayari anatafuna. "Una mama aliyekulea wewe. Sasa kaa kitako nikwambie. Huyu wangu kaleta ndizi tena."

Alizungumza mpaka jua likaacha dirisha. Mwisho nilimsikia akikunja kikaratasi.

"Zimebaki hizi," akasema. "Nitampa mwanangu. Nitamwambia nimenunua mimi, usinitie aibu."

Jioni hiyo aliniita kwa mkono. Kwenye mkeka palikuwa na kisahani chenye korosho chache, na ng'ambo yake mahali pa mtu kukaa. Alinionyesha kisahani, akanionyesha mkeka. Nikakaa, nikala moja moja, naye akinitazama, mpaka zikaisha.